Usiku wa kwanza nyumbani baada ya upasuaji

Niliingia hospitali asubuhi, nikatolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu, ule wa kupitisha vifaa kwenye vitundu vidogo tumboni, kesho yake nikaruhusiwa. Kila mtu alikuwa ameniambia, "Mbona jambo dogo, siku moja tu!" Walitaka kunipa moyo, lakini nikaona aibu kusema kwamba naogopa.

Wewe sema. Mgonjwa wa siku moja hakai wodini hadi akazoeleka. Nesi anayekupokea huenda siye atakayekuaga, na hofu usiyoitaja hakuna atakayeiona. Mimi niliitaja dakika za mwisho, nimeshavalishwa gauni na kofia. Nilimwambia daktari wa usingizi, "Naogopa nisiamke." Alivuta kiti akaketi, akanieleza kwamba muda wote wa upasuaji nitakuwa na mtu wa usingizi kando yangu, akiangalia pumzi, mapigo ya moyo na presha. Vidole vyangu vilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Vikaanza kupata joto.

Andika maswali yako mapema, kwenye karatasi. Nitaamkia wapi? Maumivu yakizidi nifanyeje? Na nikiwa nyumbani, usiku nimpigie nani?

Hilo la mwisho nililisahau. Usiku wa kwanza, peke yangu chumbani, bega la kulia likaanza kuuma vibaya. Wamepasua tumbo, bega linaingiaje? Nilikesha nikiamini kuna kitu kimeharibika ndani. Kumbe gesi inayojazwa tumboni ili madaktari waone vizuri hukera kiwambo, ule msuli wa kupumulia, na maumivu yake husikika begani. Kwa kawaida huisha siku chache. Laiti ningeambiwa kabla! (Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, homa au kidonda kutoa usaha ni habari nyingine: usisubiri kuche.)

Siku ya tatu nililia tu, kikombe cha maji mkononi, bila kujua nalilia nini. Hilo huwapata wengi baada ya upasuaji. Mwili umechoka, usingizi unakatika-katika. Mtahadharishe mapema anayekuuguza, asije akakwambia ujikaze. Huzuni ikipita wiki mbili, mweleze daktari.

Nawe unayeuguza, lala chumba kimoja na mgonjwa wako. Usiku wa pili dada yangu alitandika godoro kando ya kitanda changu, na kila nilipojigeuza akauliza, "Uko macho?" Nakumbuka kumjibu mara mbili. Asubuhi aliniambia aliuliza mara ya tatu, nikawa nakoroma.