Maswali yenu: uyoga, ukungu na mahindi ya gunia

Mwalimu, uyoga ni mmea wa jamii gani? (Morogoro)

Si mmea, ni kuvu. Nimelijibu hili mpaka ulimi umeota kuvu. Mwanabiolojia Robert Whittaker alizipa kuvu himaya yao, yaani kundi kuu la viumbe mbali na mimea na wanyama, tangu 1969, sisi bado tunang'ang'ana na ya darasa la nne. Ukuta wa seli za uyoga una kitini, kitu kilekile cha gamba la panzi. Kwa ukoo, uyoga uko karibu na wewe kuliko na mchicha.

Hamira nayo ni kuvu? (Tanga)

Ndiyo.

Nimeng'oa uyoga wa kichuguu na shina lake, nikaupanda nyuma ya nyumba. Umeoza. Nimekosea wapi? (Tabora)

Umepanda embe kwa kikonyo ukasubiri mwembe. Unachokichuma ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi zilizobaki chini. Siku trekta likipasua kichuguu, chungulia: utakuta vitu kama sifongo ya kahawia, vyepesi, vimetapakaa vidonge vyeupe vidogo kama ulezi. Hilo ndilo shamba. Mchwa hutafuna miti na majani makavu, huyapanga pale, kuvu huyalainisha, kisha mchwa hula. Kilimo hicho kina miaka milioni 30 hivi hapa Afrika. Sisi jembe tumelishika juzi. Zambia kuna uyoga wa jamii hiyo wenye kofia ya hadi mita moja, maana unalishwa na kijiji kizima cha mchwa. Anayekuuzia "mbegu ya uyoga wa kichuguu" sokoni, mwulize mchwa wake wako wapi.

Uyoga ulioliwa na konokono si salama kwa mtu? (Kigoma)

Tumbo la konokono si lako. Kuna sumu inayoanza kuuma saa sita au zaidi baada ya kula, ukishawasifia majirani utamu wake, na moto wa jikoni hauiondoi.

Miche yangu ya misonobari imedumaa kitaluni. Mbolea nimeweka. (Njombe)

Mbolea siyo shida. Msonobari hula kwa msaada wa kuvu iliyojishika kwenye mizizi yake, na mti huo ni mgeni huku. Ulipopelekwa bila kuvu yake ulidumaa hivyohivyo. Chota udongo chini ya misonobari iliyokomaa, changanya kitaluni. Miombo nayo ina kuvu zake, na ule uyoga wa njano mnaoununua barabarani masika hutoka kwenye mizizi hiyo. Mnakata miombo kwa mkaa, kisha mnaniandikia kuuliza uyoga umekwenda wapi.

Mahindi yameshika ukungu kidogo. Nikiyaosha na kuyachemsha sana? (Dodoma)

Hapana, hapana. Sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Ukambani, Kenya, mwaka 2004 waliugua watu 317, wakafa 125, kwa mahindi ya nyumbani mwao. Usimpe ng'ombe ukidhani umeokoa hasara, sumu hupita kwenye maziwa. Wala usimpelekee mama wa pombe. Mwakani, kabla ya kufunga gunia, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani.