Mwalimu Anajibu: Kilele Walikiona, Maji Je?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu wa kidato cha sita kanisomea kwamba watafiti wa Uholanzi walitangaza kuona dalili za chembe iitwayo Majorana ndani ya waya, kisha wakaifuta makala yao wenyewe. Mtu anaonaje kitu halafu aseme sikukiona? – Mama wa Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na kisima changu cha Nala. Mpima maji alikuja na betri, vyuma vinne na mita. Akachomeka vyuma ardhini, akapitisha umeme, mita ikaonyesha chini kule unapita kirahisi. "Mwalimu, maji yapo." Tukachimba. Kilichopanda ni mfinyanzi wa kijivu unaonata vidoleni, kisha mwamba mkavu. Mita haikudanganya: mfinyanzi nao hupitisha umeme kirahisi. Hela ikawa imeshakwenda.

Hao watafiti wa Uholanzi, wa chuo cha Delft, nao ni wapima maji. Chembe nyingi zina pacha wa kinyume. Mwaka 1937 Mwitaliano Ettore Majorana alionyesha kwa hesabu kuwa yaweza kuwepo chembe ambayo ni pacha wa nafsi yake. (Mwaka uliofuata akatoweka, lakini hilo ni la polisi, si la gazeti hili.) Ndani ya waya si chembe ya peke yake, ni elektroni nyingi zinazocheza ngoma moja, na dalili yake hukaa kwenye ncha mbili za waya. Waya wenyewe una unene wa nanomita 100 hivi. Unywele wako ni mnene kuliko huo mara mamia. Wanaugusisha na supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila kuukinza hata kidogo), wanaupoza hadi kukaribia nyuzi −273, wanawasha sumaku, wanapima umeme. Majorana ikiwepo, grafu hupanda kilele pale volteji ilipo sifuri.

Kilele kilionekana 2012. Makala ya 2018 ikaenda mbali zaidi: ilisema kilele kinapanda hadi kimo kile kile kilichotabiriwa na hesabu. Kumbe kasoro ndani ya waya nazo huweza kuinua kilele cha namna hiyo. Huo ndio mfinyanzi wao. Data zilipopangwa upya, kwa upana zaidi, kilele hakikutulia kwenye kimo kile. 2021 wakaifuta, wakaomba radhi kwa kutokuwa makini vya kutosha. Kwa hiyo kilele walikiona, mama. Waliharakisha kukipa jina.

Siku hizi watafiti hupima ncha zote mbili za waya. Mimi kisima cha pili nilileta wapima wawili wasiojuana. Mmoja alisema yapo, ila ya chumvi. Ndiyo tunayofulia.