Kuongeza GB hakuponyi picha inayoganda

Swali

Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni vijana wa kitengo cha habari katika usharika wetu hapa Morogoro. Kila Jumapili tunarusha ibada mubashara YouTube kwa kutumia OBS, programu ya kurusha matangazo, kwa ajili ya wazee wasioweza kufika na ndugu walioko nje ya nchi. Tuna laptopu ya Core i5 kizazi cha 8 yenye RAM ya GB 8, kamera moja inayoingia kupitia kadi ya kunasa picha ya USB, na ruta ya 4G inayotuunganisha kwa Wi-Fi. Ibada ikifika kama dakika ya 20 picha inaanza kuganda. Fundi mmoja alikuja Alhamisi, akapima kasi ikasoma Mbps 42, akasema tatizo ni bitreti ndogo (kiasi cha data ya picha kinachotumwa kila sekunde) na kifurushi kidogo. Akatuwekea faili lake la mipangilio: 1080p, fremu 60 kwa sekunde, bitreti kutoka kilobiti 4,500 hadi 10,000 kwa sekunde. Tukachanga tukanunua kifurushi kikubwa zaidi. Jumapili iliyofuata hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Tunakosea wapi?

Jibu

Ndugu zangu, mmepewa dawa kabla ya kupimwa. Swali hili huja kila mara likiwa limebadilika jina la mji tu, na karibu kila mara fundi wa kwanza ameshapita na tiba zake mbili: ongezeni kifurushi, ongezeni bitreti. Ya kwanza inamaliza fedha za sadaka, ya pili inamalizia matangazo yenyewe.

Nianze na kifurushi, maana hapo ndipo watu wanaumia. GB ni kiasi cha data mlichonunua. Mbps ni kasi ambayo data hiyo inapita. Ukijaza basi mafuta tangi zima, barabara ya kwenda Dodoma haipanuki hata inchi moja. Kwa bitreti 3,000 na sauti ya 128, mnatumia kama GB 1.4 kwa saa, yaani GB 4.2 kwa ibada ya saa 3. Kwa 10,000 za fundi wenu ni zaidi ya GB 4.5 kwa saa, karibu GB 14 kila Jumapili. Kifurushi kinahusika na kuganda mahali pawili tu: kikiisha katikati ya ibada, au kile kinachoitwa cha bila kikomo kinapopunguziwa kasi baada ya kufikia kiwango kilichoandikwa kwa maandishi madogo kwenye masharti. Nje ya hapo, kununua GB nyingi zaidi ni kununua mafuta wakati mko kwenye foleni.

Sasa hiyo 42. Kipimo cha kasi hutoa namba mbili, kushusha na kupandisha, na mafundi wa haraka husoma ile kubwa. Ninyi mnapandisha. Kwenye 4G kupandisha huwa kudogo mara kadhaa kuliko kushusha, kwa hiyo ile 42 haiwahusu kabisa. Halafu ilipimwa Alhamisi, kanisa tupu. Mnara wa simu ni wa wote walio chini yake. Jumapili saa nne asubuhi kuna mamia ya simu ndani ya jengo lilelile, nyingine zinatuma video za kwaya WhatsApp wakati kwaya ingali inaimba, na zote zinagombania njia ileile ya kupandisha mnayoitegemea ninyi. Kupima siku ya Alhamisi ni sawa na kupima foleni ya Ubungo saa nane za usiku ukatangaza kwamba barabara iko wazi.

Pimeni Jumapili, katikati ya ibada, mara 5 au 6 kwa kuachanisha dakika 10. Msichukue wastani, wala msichukue namba iliyowapendeza. Chukueni ya chini kabisa, igaweni kwa 2, hapo ndipo penye bitreti yenu. Ikisoma 9, 7, 6.5, 8 na 5.2, mnafanya kazi na Mbps 5.2, nusu yake ni kilobiti 2,600, kwa hiyo bitreti ni kama 2,500. Nusu inayobaki si ya kupotea. Ni nafasi ya kupumulia mnara unapolemewa kwa sekunde kadhaa, na utalemewa.

Bitreti ni mzigo. 10,000 maana yake laptopu isukume megabiti 10 kila sekunde, saa 3 mfululizo, bila kupumzika. Punda aliyelemewa na gunia moja haongezewi la pili ili aende mbio. Tazameni kinachotokea ndani: OBS inapeleka picha YouTube kwa njia ambayo kila kipande lazima kithibitishwe kimefika, kisipofika kinatumwa tena. Njia ikibana, vipande vinajipanga foleni ndani ya laptopu. Foleni ikirefuka kupita kiasi, OBS inaanza kutupa fremu za picha ili isiachwe na wakati, ila sauti haiitupi. Ndiyo maana mtazamaji anamsikia mchungaji akiendelea kuhubiri huku uso wake umeganda mdomo wazi. Mkiona dalili hiyo, njia ya kupandisha imezidiwa, na kila kilobiti mnayoongeza inawazidishia.

Lakini msinichukue na mimi kama yule fundi. Neno "inaganda" linabeba magonjwa matatu, na OBS yenyewe inawaonyesha ni upi. Fungueni menyu ya "Docks" (kwenye matoleo ya zamani ni "View"), chagueni "Stats", kibandikeni kidirisha hicho pembeni kisitoke siku zote za matangazo. Kuna mistari mitatu ya kutazama. "Dropped Frames" ikipanda, ni mtandao. "Skipped frames due to encoding lag" ikipanda, prosesa imeshindwa kubana picha kwa wakati. "Frames missed due to rendering lag" ikipanda, kadi ya michoro imeelemewa hata kabla picha haijafika kwenye kubanwa. Mtandao ukiwa mzima na mstari wa pili unapanda, hata mkivutiwa faiba hadi madhabahuni picha itaendelea kuruka.

Hata baada ya ibada mnaweza kuthibitisha. Rekodini kwenye laptopu wakati mnarusha. Kama rekodi ni laini na watazamaji waliona kuganda, laptopu haina kosa. Kama na rekodi inakatakata, msimtafute mtu wa mtandao.

Kwa nini dakika ya 20? Kwenu washukiwa wawili wanaingia mlangoni kwa wakati mmoja. Kanisa linajaa, simu zinaongezeka. Na laptopu iliyokuwa ya baridi wakati wa nyimbo za ufunguzi sasa imechemka, na prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Core i5 ile kubana 1080p ya fremu 60 kwa prosesa tupu ni kuitafutia homa. Msikisie, someni ni mstari upi ulioanza kupanda. Kisha iinueni laptopu mezani matundu yake ya chini yapate hewa, iacheni kwenye chaja muda wote kwa sababu ikiwa kwenye betri hujibana nguvu, na mfunge kivinjari chenye kurasa 30.

Mipangilio ya kuanzia kwenu ni hii. Kwenye "Settings", sehemu ya "Video", turubai ("Base Canvas") ibaki 1920x1080, picha inayotoka ("Output") iwe 1280x720, fremu 25 PAL. Nayo kamera iwekeni PAL, fremu 25 au 50, shata 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50. Kamera iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani wa fremu 30 na 60 ndiyo inayofanya taa za kanisani zipepese kwenye picha, na hilo nalo husingiziwa intaneti. Sehemu ya "Output" chagueni hali ya "Advanced", enkoda, yaani kinachobana picha, iwe QuickSync H.264 badala ya x264 inayotumia prosesa. Ni kifaa kilichomo ndani ya prosesa za Intel za aina yenu nyingi, kinabana picha bila kuichosha prosesa yenyewe, na watu wanakaa nacho miaka bila kukigusa. Udhibiti wa bitreti uwe CBR (kiwango kimoja muda wote), kiwango ni kile mlichokokotoa, "Keyframe Interval" iwe sekunde 2, sauti 128. Rekodi iwe ya MKV na itumie enkoda ileile ya matangazo, ili laptopu isibane mara mbili. MP4 ya kawaida umeme ukikatika kabla hamjaifunga mnaweza kukosa ibada nzima. Mwisho, sehemu ya "Advanced" tieni alama kwenye chaguo la kubadili bitreti lenyewe mtandao unapobana. YouTube ikiwaonya kwamba bitreti iko chini ya inayopendekezwa, msishtuke wala msiipandishe. Afadhali 720p inayotembea kuliko 1080p iliyosimama.

Kati ya ruta na laptopu pitisheni kebo, siyo Wi-Fi. Ruta yenyewe isogezeni dirishani juu, upande ulio na mnara. Wekeni na laini ya mtandao mwingine tayari, muwe mmeijaribu kabla.

Mtaniuliza: na ubora je? Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kuliko kote. Enkoda inaokoa nafasi kwa kutorudia kile ambacho hakijabadilika kati ya fremu na fremu. Mchungaji aliyesimama mimbarini, nyuma yake ukuta mweupe, anatosheka na bitreti ndogo. Kwaya ya watu 40 waliovaa vitenge vya maua, wakiyumba pamoja, inakula bitreti. Lakini mlaji mkubwa kuliko kwaya ni giza. Kanisa likiwa na mwanga hafifu kamera inajiongezea usikivu wa mwanga (ISO au "gain"), picha inajaa chenga, na kila chenga ni kitu kipya kinachobadilika mahali pake mara 25 kwa sekunde. Enkoda haijui kwamba ni takataka. Inajitahidi kuzihifadhi, na uso wa mhubiri unakosa haki yake unakuwa mabaka. Taa 2 za LED zinazomulika mimbari kutoka mbele, moja kila upande, juu kidogo ya kimo cha mtu, halafu usikivu wa kamera ukashushwa, zitawapa picha safi zaidi kwa 2,500 kuliko mliyokuwa nayo kwa 10,000. Fedha ya kifurushi kile ingeanzia hapo.

Kadi ya kunasa picha nayo itazameni. Vile vijiti vya bei chee vinavyoandikwa "4K" juu, vingi ni vya USB 2.0, ambayo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Picha ya 1080p ya fremu 30 isiyobanwa, kwa mfumo wa kawaida wa YUY2, inakaribia megabiti 1,000. Haiingii, kwa hiyo kijiti kinaibana chenyewe kwanza kisha laptopu inahangaika kuifungua. Kwa matangazo ya 720p kinavumilika. Msidanganywe tu kwamba mna 4K.

Nimeliacha faili la mipangilio mwisho kwa sababu si lenu peke yenu. Kuna soko zima sasa hivi la watu wanaouza kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram "mipangilio isiyoganda", kwa makanisa, misikiti, wapiga picha za harusi, hata watu wa misiba. Mipangilio ya namna hiyo haipo wala haiwezi kuwapo. Bitreti inatoka kwenye mnara wenu siku ya ibada, enkoda inatoka kwenye kompyuta yenu, fremu zinatoka kwenye kamera yenu. Faili lililotengenezwa kwenye kompyuta yenye kadi ya NVIDIA linaita enkoda ambayo laptopu nyingine haina. Wengine wanaongeza VPN "ya kuongeza kasi", ambayo inairefusha tu safari ya data, au programu-jalizi zilizovunjwa ulinzi, na kirusi kinaingia nazo kwenye kompyuta ileile yenye akaunti ya chaneli. OBS ni ya bure tangu ilipoanza mwaka 2012. Anayewatoza fedha ya programu yenyewe anawaibia.

Hatari nyingine haisemwi kabisa. Ndani ya folda ya profaili ya OBS kuna faili linaloitwa service.json, na ndani yake ufunguo wenu wa matangazo umeandikwa wazi, unasomeka kwa Notepad. Fundi anayenakili folda hiyo "ili awasaidie na wengine" anaondoka na ufunguo, na mwenye ufunguo anaweza kurusha chochote kwenye chaneli ya usharika kwa jina lenu. Vivyo hivyo anayeacha programu ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, na anayepewa picha ya skrini ya ukurasa wa "Stream" ufunguo ukionekana. Kwa hiyo kabla ya kugusa bitreti, ingieni YouTube Studio kwenye chumba cha matangazo, bonyezeni "Reset" pembeni ya ufunguo, muweke mpya kwenye OBS. Ondoeni programu zote alizosakinisha. Tengenezeni profaili mpya tupu, jazeni wenyewe namba nilizowapa, na Jumapili ya kwanza rusheni kwa hali ya kutoorodheshwa ("Unlisted"), mtu mmoja akae mbele ya "Stats" na daftari, aandike kila mstari unapopanda na saa yake. Nitumieni karatasi hiyo pamoja na vipimo vya kupandisha, siyo picha ya kasi ya Alhamisi.