Maswali ya Wasomaji: Provins kwa Miguu, Kutoka Treni Hadi Ngome

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Mwezi wa tano ofisi inanipeleka Paris kwa mafunzo ya wiki moja, na Jumamosi nitakuwa huru. Sitaki siku iishie kwenye foleni ya mnara wa Eiffel. Natamani kuona mji wa kale wenye ngome, ule wa kuzunguka kwa miguu. Wenzangu wananitajia Carcassonne. Kwa siku moja nitawahi kwenda na kurudi?
*Msomaji, Kijitonyama*

JIBU: Carcassonne iache kwanza, ndugu yetu. Ni mji wa kutamanika, una kuta mbili, moja ndani ya nyingine, lakini uko kusini kabisa. Treni kutoka Paris inakula saa tano na zaidi, na hapo hujarudi. Kwa Jumamosi moja nenda Provins: kama kilomita 80 kusini-mashariki mwa Paris, treni ya saa moja na dakika 25 hivi.

Provins ilijengwa na biashara, na ukilijua hilo mapema mji unasomeka kirahisi. Katika karne ya 12 na 13 watawala wa Champagne, jimbo la mashariki mwa Ufaransa, waliendesha magulio sita makubwa kila mwaka, yakipokezana kati ya miji minne: Lagny, Bar-sur-Aube, Troyes na Provins. Chukua Sabasaba, irefushe iwe ya wiki sita hivi, kisha ikifungwa hapa wote wafungashe wahamie mji wa pili. Watu wa Flandria, eneo la Ubelgiji ya leo, walileta vitambaa vya sufu, Waitalia wakaja na hariri na viungo vya mashariki. Mtawala aliwahakikishia usalama njiani na kuweka walinzi wa gulio wa kusimamia mikataba. Provins ilikuwa na zamu mbili, gulio la Mei katika mji wa juu na la Septemba katika mji wa chini. Wewe unakwenda Mei, kwa hiyo panda juu kwanza.

Sasa treni. Kituo ni Gare de l'Est, si Gare du Nord. Viko jirani na wageni huvichanganya kila siku. Tafuta laini P. Laini hiyo ina matawi kadhaa, mengine yanakwenda Meaux na Château-Thierry, kwa hiyo herufi P peke yake haitoshi: soma jina la kituo cha mwisho kwenye ubao, liwe Provins. Ratiba zao ni za saa 24, 14:00 ni saa nane mchana yetu. Wikiendi kukiwa na ukarabati wa reli, sehemu ya safari hubebwa na mabasi, hivyo tazama ratiba Ijumaa usiku.

Nauli ni jambo linalowashangaza wengi. Tangu Januari 2025 tiketi moja ya metro na treni inatumika mkoa mzima wa Paris, Provins ikiwemo. Ilianza kwa euro 2.50, na bei hurekebishwa kila mwaka. Inapakiwa kwenye kadi iitwayo Navigo Easy, unayoinunua mara moja kwa euro 2, kisha unagonga kama kadi ya mwendokasi. Watu hukosea mambo matatu. La kwanza, wawili hawasafiri kwa kadi moja. Kila mtu na yake, la sivyo mkaguzi atakupiga faini bila kukusikiliza. La pili, tiketi ina muda wa saa mbili tangu ulipogonga mara ya kwanza. Ukigonga metro ukaja kukaa kwenye mgahawa wa stesheni kunywa kahawa, muda utakuishia ukiwa ndani ya treni. La tatu ni kusahau ya kurudi: pakia mbili kabisa ukiwa Paris.

Ukishuka Provins uko mji wa chini. Vuka mto, ingia katikati ya mji, fuata vibao vya *Ville Haute*, yaani mji wa juu, mpaka uipate Rue Saint-Thibault. Mpaka juu ni dakika 20 hadi 25, na kipande cha mwisho kina mlima wa kukuhesabisha pumzi. Usipite moja kwa moja. Kwenye mtaa huo kuna jengo la hospitali ya kale, na mlango wa mapango ya chini ya ardhi upo hapo. Huingii mwenyewe, unaingia na kundi lenye kiongozi, kwa saa maalumu, na ziara ni kama dakika 45. Uliza saa ya kundi kabla hujapanda, ratiba yako yote ijipange kuzunguka saa hiyo. Anayeuliza jioni huambiwa kundi la mwisho limeshashuka.

Mapango hayo yana uhusiano na kitambaa. Inaaminika sehemu yake ilichimbwa kutafuta udongo wa kusafishia sufu. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mtambo wa kufumia kina mafuta ya kondoo, na rangi haishiki vizuri penye mafuta. Udongo ule unayanyonya. Ndani ni baridi mwaka mzima, mtu wa Dar abebe sweta hata kama juu kuna jua.

Ukifika Place du Châtel, uwanja mkubwa wa mji wa juu, tazama msalaba wa mawe karibu na kisima. Unaitwa Msalaba wa Wabadili Fedha. Sarafu ya Provins ilikubalika mbali kiasi kwamba Roma nao walitengeneza ya kuiga. Kutoka hapo chukua Rue Saint-Jean, uingie Grange aux Dîmes, jengo la mawe la karne ya 13. Jina lake linatokana na zaka za mazao zilizokuja kuwekwa humo baadaye. Wakati wa magulio lilikodishwa kwa wafanyabiashara, wakiwemo wa Toulouse. Ukumbi wa chini ni wa kuta nene na dari ya matao. Simama humo dakika mbili utajua kwa nini mwenye kitambaa aliuchagua: hauna joto, hauungui kirahisi, na mlango ni wa kulinda mtu mmoja. Ukiendelea mtaani, angalia chini ya kuta za nyumba. Nyingi zina vyumba vya namna hiyo ardhini, na vitundu vya hewa vinachungulia barabarani usawa wa kifundo cha mguu. Ndizo stoo za Kariakoo ya enzi hiyo.

Mwisho wa mtaa ni lango la Saint-Jean. Toka nje yake, kisha ugeuke. Minara miwili ya lango imechongoka mbele kama omo ya jahazi. Jiwe likirushwa kwenye ukuta bapa linagonga kwa nguvu zote. Kwenye pembe ile linateleza pembeni. Uso wa mawe umeachwa na vifundo vilivyotokeza nje. Rudi chini ya tao, tazama pande zote mbili: utaona mifereji wima iliyochongwa kwenye mawe, mapana ya kuingiza kiganja. Humo ndimo lilimoteleza lango zito la fito lililoshushwa kutoka juu.

Kutoka hapo usirudi ndani. Pita nje, kandokando ya handaki kavu, ukuta ukiwa mkono wa kulia, mpaka lango la Jouy. Hiki ndicho kipande bora cha safari nzima, na ni bure. Minara haifanani: mmoja wa mraba, mwingine nusu duara, na kwenye kona mnara mkubwa wa mviringo uitwao Tour aux Engins. Kazi kubwa ya kuta ilifanywa karne ya 13, na maumbo yalikuwa yakibadilika. Mvua ikinyesha kinjia hicho kinateleza. Raba zenye soli iliyolika zitakuaibisha.

Ingia lango la Jouy, urudi uwanjani kwa Rue de Jouy, kisha nenda mnara wa César. Kaisari hahusiki, ni wa karne ya 12: chini mraba, juu pembe nane. Ukuta mnene unaouzunguka chini uliongezwa na Waingereza walipoushika mji wakati wa Vita vya Miaka Mia kati yao na Wafaransa. Ngazi za ndani ni nyembamba, mkikutana mmoja anarudi nyuma. Jirani yake ni kanisa la Saint-Quiriace, alikosali Jeanne d'Arc, binti aliyeongoza majeshi ya Ufaransa katika vita hivyo, na mfalme Charles wa Saba tarehe 3 Agosti 1429.

Mzunguko wote na kurudi stesheni ni kilomita sita hivi. Ukitaka kuingia majengo yote, ulizia pasi ya pamoja. Ukitaka mawili tu, lipa moja moja. Na ukishuka, bakiza nusu saa kwa kanisa la Saint-Ayoul na mifereji ya mji wa chini. Wageni wengi hupita huko mbio wakiwahi treni, ilhali gulio la Septemba lilikuwa hapo, na maji yale yalifanya kazi ya watia rangi na watengeneza ngozi.

SWALI: Mjomba wangu anasema miji hiyo imejengwa upya kwa ajili ya watalii. Ni kweli?
*Msomaji, Tabata*

JIBU: Mjomba ana nusu ya ukweli. Carcassonne ilifanyiwa ukarabati mkubwa kuanzia 1853 chini ya msanifu Viollet-le-Duc, na mapaa yake yaliyochongoka yanabishaniwa hadi leo. Provins ilinusurika kwa namna nyingine: ilififia. Mwaka 1284 mrithi wa Champagne aliolewa na mfalme mtarajiwa wa Ufaransa, vita vikaingia, na meli za Genoa zikaanza kwenda Flandria kwa bahari. Wateja wakapungua, na mji usio na fedha haubomoi ya zamani ili ujenge mapya. Hata hivyo si kila kitu ni cha enzi hiyo. Kuba la Saint-Quiriace, kwa mfano, ni la karne ya 17, baada ya moto. Aliyewahi kufika Kilwa Kisiwani anaijua hadithi ya namna hii. Ibn Battuta aliikuta ikiwa na neema mwaka 1331. Biashara ilipohama, mawe yakabaki.

SWALI: Nitakwenda na mama, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Atamudu?
*Msomaji, Mbezi Beach*

JIBU: Mpe pole mama. Mlima ndio tatizo. Juu kwenyewe ni tambarare kiasi. Pandeni kwa gari mpaka lango la Saint-Jean, ambako kuna maegesho na ofisi ya wageni, na taksi ya kuwarudisha iwekeni mapema kwa sababu hazizagai mitaani. Mama aone lango, Grange aux Dîmes ukumbi wa chini, na uwanja. Mnara wa César asiujaribu. Barabara za mawe zinachosha kifundo kuliko goti, avae viatu vilivyofungwa, na kama ana mkongojo uwe na mpira mzima chini. Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo nacho kiacheni hotelini.

SWALI: Sisi hatuli nguruwe. Tutapata nini huko?
*Msomaji, Magomeni*

JIBU: Sema *sans porc*, yaani bila nguruwe, halafu uulize tena kuhusu *lardons*, vipande vidogo vya nguruwe vinavyotupwa kwenye saladi na mayai bila mtu kuvihesabu kama nyama. Mchuzi nao mara nyingi una mvinyo. Njia rahisi ni mkate, matunda na jibini ya Brie kutoka mji wa chini, mle kwenye nyasi kando ya ukuta. Nunueni kabla ya saa sita, maduka madogo hufunga mchana. Zawadi ya kurudi nayo ni jemu ya waridi, maarufu hapo. Inasemekana waridi lenyewe lililetwa na Thibaut wa Nne, mtawala wa Champagne, kutoka vita vya msalaba, hadithi ambayo wauzaji hawachoki kuisimulia. Chupa iwekeni kwenye begi la kupakia. Uwanja wa ndege jemu huhesabiwa kama kimiminika, na ikizidi mililita 100 kwenye begi la mkononi mnaweza kunyang'anywa.