Mtoto wa miaka sita hataki hata kusikia habari za daktari wa meno: jibu langu

Dada, pole sana. Nimesoma maelezo yako mpaka mwisho: mwanao aling'olewa gego huku akiwa ameshikwa na watu wawili, alipiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho, na sasa gego la upande wa pili limetoboka. Ukitaja kliniki tu, anajificha chini ya kitanda. Wadau walionitangulia wamekushauri umwambie mnakwenda matembezini, au umwahidi zawadi kubwa. Kwa heshima zote, mimi napingana nao.

Nimefanya kazi miaka mingi kama msaidizi wa daktari wa meno. Ndiye yule anayesimama upande wa pili wa kiti, ameshika bomba la kunyonya mate. Daktari macho yake yako kwenye jino. Mimi yangu yanabaki kwa mtoto, kwa hiyo naona vidole vinavyoanza kukunjika kabla hata kilio hakijatoka.

Kwanza kabisa, usikubali mtu akuambie kwamba mwanao ni mdeka. Kuna mtoto anayeogopa kwa sababu ya hadithi za kaka zake, na kuna mtoto aliyeumizwa kweli. Wa kwanza ukimzoesha taratibu, hofu inapungua yenyewe. Wa pili anachokijua ni cha kweli, na hakuna maneno matamu yatakayokifuta. Anahitaji kuona kwamba safari hii mambo yanafanyika tofauti, na kwamba hakuna jambo litakalomjia kwa kushtukiza. Ndiyo maana hilo wazo la matembezi silipendi hata kidogo. Akishaona kile kiti atajua umemdanganya, na atakuwa hana mtu wa kumwamini humo ndani.

Mwambie ukweli, ila kwa maneno machache, na usimwambie wiki nzima kabla. Jioni ya kuamkia siku yenyewe inatosha. "Kesho tunakwenda kwa daktari, atahesabu meno yako na kuliangalia hili linalokusumbua." Basi. Maneno kama "haitauma" na "usiogope" yaache, kwa sababu mtoto akisikia "haitauma" kinachobaki kichwani ni kuuma. Akikuuliza kama atachomwa sindano, usikatae. Mjibu, "Sijui bado, tutamuuliza pamoja, na hatafanya kitu kabla ya kukuambia." Halafu waombe watu wote nyumbani waache ule mchezo wa "usipokula nitakupeleka ukachomwe sindano". Tunawapokea watoto wengi waliotishwa kwa jina letu tangu hawajaota magego, kisha tunashangaa wanalia mlangoni.

Katika siku zilizobaki, fanyeni mazoezi. Mlaze kichwa mapajani kwako, mmulike kwa tochi ya simu, hesabu meno kwa kugusa kila moja kwa mpini wa kijiko. Seti kamili ya meno ya utoto ni 20, lakini kwa umri wake mengine yatakuwa yameanza kuachia, kwa hiyo msishangae hesabu ikigoma. Mfundishe ishara moja: akinyanyua mkono wa kushoto, unaacha papo hapo. Kisha na yeye akuhesabu wewe.

Hiyo ishara ya mkono ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, mradi iheshimiwe. Nakumbuka binti mmoja aliyeambiwa na daktari kwamba akinyanyua mkono kazi inasimama. Kifaa kilipokaribia tu, mkono juu. Daktari akasimama, akauliza kuna nini. "Hakuna." Akaendelea, mkono juu tena. Alikuwa anatupima, na nilimwona anavyomchungulia daktari usoni kila mara. Yule daktari hakukunja uso hata kidogo. Baada ya muda, binti mwenyewe aliweka mikono chini ya mapaja na jino likazibwa. Daktari mwingine angesema "ah, unanichezea", na kazi ingeishia hapo.

Unapopiga simu kuomba miadi, simulia yaliyompata mwanao na uombe siku ya kwanza iwe ya kuzoeana tu, bila kugusa lile gego kama halina uvimbe. Omba asubuhi, akiwa amelala vizuri na amekula. (Kama watatumia dawa za usingizi au gesi, fuateni masharti yao ya kula, siyo yangu.) Chuoni tunafundishwa mtindo wa kusema, kuonyesha, kisha kufanya. Aliyeuelezea mwaka 1959 ni daktari wa Marekani, Harold Addelston, na mpaka leo sijaona unaoupita. Mtoto anaambiwa kitu kwa maneno ya umri wake, anaonyeshwa nje ya kinywa, ndipo kinafanyika. Brashi inayozunguka inapitishwa kwanza kwenye ukucha wake. Bomba la mate linanyonya maji kwenye kikombe alichoshika mwenyewe. Ukiona daktari anaruka moja kwa moja kwenye kufanya, mwambie kwa adabu kwamba mwanao anahitaji kuona kwanza.

Sasa nije kwenye ganzi, kwa sababu naamini tatizo lenu lilianzia hapo.

Sindano ya ganzi inaweza kuchomwa mtoto akahisi kidogo sana, lakini inataka subira. Fizi inakaushwa kwa pamba, inapakwa jeli ya ganzi, halafu watu wanangoja. Dakika moja au mbili zinaonekana ndefu foleni ikiwa imejaa, na wapo wanaopaka na kuchoma hapo hapo, yaani jeli inakuwa mapambo. Kisha dawa iingie polepole. Sehemu kubwa ya maumivu haitokani na ncha ya sindano bali na dawa kusukumwa kwa haraka ndani ya fizi. Kichupa kimoja cha ganzi kina mililita 1.8 hivi, na mwendo tunaofundishwa ni kama mililita moja kwa dakika. Baada ya hapo subira nyingine, na kabla ya kushika koleo daktari anajaribu fizi kwa kifaa chenye ncha, pande zote, akimwangalia mtoto machoni.

Kuna mawili ambayo wazazi huwa hawaambiwi. Jino lenye usaha linaweza kukataa ganzi, kwa sababu eneo lenye maambukizi linakuwa na asidi na dawa haifanyi kazi ipasavyo. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa gego la kwanza. Daktari anaweza kuchoma mbali na eneo hilo, au kushughulikia usaha kwanza. La pili, ganzi huondoa maumivu lakini haiondoi hisia ya kusukumwa. Mtoto asipoelezwa mapema kwamba atahisi jino linasukumwa kwa nguvu, ataamini ganzi imegoma, na atakuwa na haki ya kulia.

Kwa hiyo uliza waziwazi: mnatumia jeli, mnangoja muda gani, mtapima kabla ya kuanza? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Akikasirika, umeshapata jibu.

Uliza pia kama kuna njia isiyohitaji sindano kabisa. Ikiwa tundu halijafika kwenye mshipa wa jino, njia zipo. Kuna dawa ya maji yenye fedha na floraidi, ile ya asilimia 38, inayopakwa kwenye tundu ikazuia uozo usiendelee. Haiumi, ila sehemu iliyooza inabaki nyeusi moja kwa moja, na kwenye gego la nyuma mimi nisingejali weusi. Kuna kofia ya chuma inayovikwa juu ya gego bila kuchimba wala kuchoma, njia iliyotokana na kazi za daktari wa Scotland, Norna Hall. Na kuna kukwangua sehemu laini kwa vifaa vya mkono na kuziba, bila ile mashine yenye mlio. Hii ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na sasa inatumika sehemu nyingi duniani. Zote zinataka uwahi. Aliyekuambia "ni meno ya utoto, yatang'oka tu" hakukutendea haki, maana magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 au 12.

Gesi ya nitrasi oksaidi inasaidia watoto wengi. Inavutwa kwa puani ikiwa imechanganywa na oksijeni, mtoto yuko macho, na ikifungwa inaisha mwilini kwa dakika chache. Lakini mwenye mafua au anayelia kwa kinywa wazi hanufaiki nayo. Nusu kaputi ina nafasi yake pale kazi ikiwa kubwa sana, hospitalini, na mtaalamu wa usingizi akiwepo.

Kuhusu kumshika kwa nguvu: mtoto mchanga anayelazwa kwenye magoti ya mama na daktari ili aangaliwe kwa muda mfupi, akiwa anamwona mama yake, hilo halinisumbui. Kumbana mtoto wa miaka sita kwa ajili ya kuziba jino ambalo lingengoja wiki mbili, hapana. Jino mtaziba siku hiyo, kisha mtahangaika naye miaka.

Wewe ukiwa chumbani, kaa miguuni kwake, weka mkono kwenye muundi wake, na nyamaza. Najua ni ngumu. Lakini daktari akisema "fungua", wewe ukisema "jikaze", baba akiongeza "wewe mwanaume bwana", mtoto hajui amsikilize nani. Kama wewe mwenyewe unakitetemekea kiti hicho, mtume shangazi au yeyote ambaye mapigo yake yatabaki kawaida. Miwani ya jua inasaidia, kwa sababu ile taa inakera kuliko tunavyokiri.

Zawadi sina ugomvi nayo ikija baada ya kazi. Ikitangazwa kabla, mtoto mwerevu anajiuliza ni jambo gani baya linalolipiwa hivyo. Msifu kwa alichokifanya hasa: "Ulifungua kinywa mpaka daktari akamaliza kuhesabu."

Akichomwa ganzi, mlinde mdomo. Ganzi ya mdomo na shavu hubaki saa mbili tatu baada ya kutoka, na mtoto anautafuna mdomo wake kwa sababu hausikii. Kesho yake umevimba na una utando mweupe, mama anarudi mbio akidhani ni usaha. Asile cha kutafuna mpaka aweze kukuambia anahisi ukimgusa.

Usiku wa maumivu, mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Asprini usimpe mtoto, na kidonge cha aina yoyote kisiwekwe juu ya jino, kinaunguza fizi.

Yote haya ni kama jino halina haraka. Ukiona shavu limevimba, ana homa, anashindwa kufungua kinywa au kumeza, usingoje siku ya kuzoeana. Mpeleke siku hiyo hiyo. Ikiwa hakuna dalili hizo, piga simu kwanza, uliza yale maswali ya ganzi, halafu tuandikie hapa walivyokujibu.