Mwache acheze

Mzazi mwenzangu, umeuliza kama umwachishe kijana mpira kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne umekaribia. Usimwachishe, nakuomba. Moyo ukienda mbio, damu nyingi zaidi hufika kwenye ubongo, na mwili huongeza protini iitwayo BDNF, inayosaidia seli za ubongo kukua na kuungana, hasa kwenye hipokampasi, sehemu inayojenga kumbukumbu mpya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kwa siku kwa umri wa miaka 5 hadi 17. Ila jua la Dodoma saa nane ni kali mno. Acheze saa kumi na moja jioni, anywe maji, aoge, ndipo afungue daftari. Cha kupunguza ni simu ya usiku, inamla usingizi.