ptrace: sifuri si ushahidi kwamba mchakato umesimama

Nilipoteza siku mbili kwa sababu ya nusu ya sentensi. Programu yangu ilikuwa inafuatilia mchakato mwingine kwenye Linux. Iliita ptrace, wito wa mfumo wa kufuatilia na kudhibiti mchakato mwingine, kwa PTRACE_ATTACH (ombi la kuanza kuufuatilia), ikarudishiwa 0, nikajua mambo yako sawa. Mstari uliofuata ulijaribu kusoma kumbukumbu ya mchakato ule, ukarudi na ESRCH, yaani hakuna mchakato kama huo. Nikautafuta kwa amri ya ps, inayoorodhesha michakato: upo, mzima, unaendelea na kazi. Kilichonichosha zaidi ni kwamba nikiipitisha programu hatua kwa hatua, kosa linatoweka.

Ukurasa wa mwongozo unasema mlengwa hutumiwa SIGSTOP, ishara ya kumsimamisha, ila si lazima awe ameshasimama wito unaporudi. Hapo nilipita mbio. Ile 0 inathibitisha tu kwamba ombi limepokelewa. Anayekuhakikishia kuwa mchakato umesimama ni waitpid, wito wa kusubiri mchakato ubadilike hali, na kabla hajakujibu usiguse kumbukumbu wala rejista. Ukienda hatua kwa hatua, mchakato unapata muda wa kusimama, ndiyo maana kosa lilikuwa linajificha.

Maana ya ESRCH nayo iko mbali, chini kabisa kwenye orodha ya makosa: mchakato haupo, au si wewe unayeufuatilia, au unaufuatilia lakini haujasimama. Ujumbe unaochapishwa ni ule wa maana ya kwanza tu, na kwa maoni yangu unapotosha.

Tangu hapo, kila sentensi ya mwongozo inayonitatiza naiandikia programu ya mistari ishirini hivi, naiendesha, kisha naiandika sentensi upya kwa maneno yangu pembeni ya msimbo. Nakushauri ufanye hivyo, hasa kwa PTRACE_PEEKDATA, ombi la kusoma kumbukumbu. Data iliyosomwa hurudi kama jibu la wito, kwa hiyo -1 inaweza kuwa kosa au data halali. Weka errno, kigezo kinachoshika namba ya kosa, iwe 0 kabla ya kuita, uitazame baadaye. Na hiyo ni tabia ya maktaba ya C. Kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, huandika data kwenye anwani unayoipa. Ukiita kerneli moja kwa moja huku unafuata maelezo ya maktaba, utasoma takataka.

Kwa PTRACE_SYSCALL, ombi linalousimamisha mchakato kila unapoingia au kutoka kwenye wito wa mfumo, washa chaguo la PTRACE_O_TRACESYSGOOD mapema. Bila hiyo, SIGTRAP (ishara unayoiona mchakato unaposimama) ya wito wa mfumo inafanana na SIGTRAP nyingine yoyote. Kuingia na kutoka kwenye wito bado utahesabu mwenyewe, au, kuanzia Linux 5.3, uulize kwa PTRACE_GET_SYSCALL_INFO.